Tuhesabu Siku kwa Haki: Mwezi wa Mwanamke Unavyokwenda

 Toleo hili tunaongea jambo ambalo wengi wetu tunalisema kwa sauti ya chini, jikoni au kwenye foleni ya maji tu: siku za mwanamke. Tunajua kuna baba atakayetaka kufunua ukurasa wa pili haraka. Baba, tunakuomba ukae nasi. Jambo hili ni lako pia, kwa sababu mara nyingi ni wewe unayetoa hukumu nyumbani.

Hukumu gani? Tuchukue tatu, ambazo zinaweza kutokea kwenye nyumba yoyote hapa kambini.

Ya kwanza. Mume alikuwa mbali miezi kadhaa akitafuta kibarua, akarudi. Mke anakwenda kliniki, wanamwandikia kwenye kadi: mimba ya wiki kumi. Mume anahesabu kwa vidole, anasema: “Wiki kumi? Mimi tangu nirudi nina wiki nane tu. Mimba hii ni ya nani?” Hapo nyumba imewaka moto, na wakwe wanaitwa.

Ya pili. Binti wa miaka 14 amepitisha wiki sita bila kuona mwezi. Shangazi anamwangalia tumbo, mama anaacha kuongea naye, baba anatafuta fimbo. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Ya tatu. Mama ana mtoto wa miezi minane mgongoni, na tangu azae hajaona mwezi. Anajisemea: “Mwezi haujarudi, mimi siwezi kushika mimba.” Baada ya muda anasikia kitu kinacheza tumboni. Majirani wanaanza maneno, na yeye mwenyewe anashangaa imeingia lini.

Hesabu hizi tatu zina kosa moja. Zinachukua mwili wa mwanamke kama kalenda ya ukutani, ambayo kila mwezi ni ileile. Mwili hauendi hivyo. Una hesabu yake, na tukiijua tutaacha kuonea watu.

AMRI INATOKA KICHWANI

Wengi tunafikiri mwezi ni kazi ya tumbo peke yake. Kumbe amri inatoka kichwani. Ndani ya ubongo, upande wa chini, kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi. Ndiyo inayosikiliza habari za mwili mzima: njaa, kiu, joto, usingizi, hofu. Kila baada ya saa moja au saa moja na nusu hivi inatuma ujumbe kidogo kwa tezi iliyo chini yake, inayoitwa pituitari. Tezi hii ni ndogo, kama punje ya njegere.

Pituitari ikipata ujumbe huo inamwaga homoni mbili kwenye damu. Homoni ni kitu kinachotengenezwa sehemu moja ya mwili, kikasafiri na damu kupeleka amri sehemu nyingine. Vijana wanaosoma biolojia wanazijua hizo mbili kwa herufi: FSH na LH. Zinashuka mpaka kwenye ovari.

Ovari ni mbili, moja kila upande wa mji wa mimba. Kila moja ina urefu wa sentimita 3 hivi, kama kipande cha juu cha kidole gumba. Ndiyo ghala la mayai. Mtoto wa kike anazaliwa na mayai yake tayari, kati ya milioni 1 na milioni 2. Mengi yanakufa yenyewe, na anapovunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000. Yatakayokomaa na kutoka katika maisha yake yote ni kama 400 au 500 tu.

Sasa tuanze kuhesabu. Siku ya 1 ni siku ya kwanza damu inapoonekana, sio siku inapokatika. Shikeni hilo, maana wengi wanakosea hapo hapo.

Siku hizo za mwanzo FSH inaamsha mayai kadhaa. Kila yai limo ndani ya kifuko chake chenye maji. Baada ya siku chache kifuko kimoja kinatangulia wenzake, na hao wengine wananyauka. Kile kilichotangulia kinatengeneza homoni inayoitwa estrojeni. Estrojeni inatandika kitanda: inanenepesha utando wa ndani wa mji wa mimba ili mtoto akija apate pa kulala. Tena inarudisha habari kichwani kwamba kazi imeanza, FSH ipunguzwe.

Kifuko kikifika kama sentimita 2, estrojeni imekuwa nyingi kabisa. Ikikaa juu hivyo kama siku mbili, kichwa kinabadilisha jibu. Badala ya kupunguza, pituitari inamwaga LH kwa wingi, kama bomba lililofunguliwa. Tangu LH inapoanza kupanda hivyo, zinapita saa 36 hivi, kifuko kinapasuka, yai linatoka na kupokelewa na mrija wa uzazi. Yai hilo haliishi sana: nusu siku mpaka siku moja. Mbegu za baba ndizo zenye uvumilivu. Ndani ya mwili wa mama zinaweza kukaa hai mpaka siku tano zikingoja.

Kifuko kilichopasuka hakitupwi. Kinageuka rangi ya manjano na kuanza kazi mpya, kutengeneza homoni nyingine inayoitwa projesteroni. Hiyo inatuliza mji wa mimba, inaukamilisha utando, inapandisha joto la mwili kidogo, kama nusu ya nyuzi moja, na inaambia kichwa kisilete yai lingine kwanza. Lakini kifuko hicho cha manjano kina maisha mafupi, siku 14 hivi. Kama hakuna mimba, kinakufa. Homoni zinashuka, kitanda kinakunjwa, damu inatoka. Kichwa kikiona homoni zimeshuka kinatuma amri mpya, na hesabu inarudi siku ya 1.

Kama mimba imeingia, mimba yenyewe, ingawa bado ni ndogo kuliko punje ya ulezi, inatuma homoni yake kukiambia kifuko cha manjano: “Usife, mimi niko hapa.” Ndiyo maana mwezi haufiki. Na homoni hiyo ndiyo wanayoitafuta kwenye mkojo wanapopima mimba.

NUSU MOJA INAVUTIKA, NUSU MOJA HAIVUTIKI

Hapa ndipo penye siri ya hesabu yote. Mwezi una nusu mbili. Nusu ya kwanza, tangu damu mpaka yai litoke, ni kama mpira wa baiskeli tunaofungia mizigo. Unavutika. Inaweza kuwa siku 10, inaweza kuwa siku 20, saa zingine inapita hapo. Nusu ya pili, tangu yai litoke mpaka damu nyingine, ni kama kamba. Mara nyingi ni siku 14, kwa mama mmoja siku 12, kwa mwingine 16, lakini haivutiki sana.

Jambo hili walilionyesha madaktari wawili waliokuwa mbali, kila mmoja kwa kazi yake: Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, katika miaka ya 1920. Kabla yao watu walikuwa wanatafuta siku ya yai kwa kuhesabu mbele kutoka damu iliyopita. Hao wawili wakaonyesha kwamba yai linafungamana na damu inayokuja: linatoka kama wiki mbili kabla yake.

Tupige hesabu pamoja. Mama mwenye mwezi wa siku 28, yai lake linatoka karibu na siku ya 14. Mwenye mwezi wa siku 35, ni karibu na siku ya 21. Mwenye mwezi wa siku 24, ni karibu na siku ya 10, mara tu baada ya damu kukatika. Wote watatu ni wazima. Kwa mwanamke mkubwa, mwezi wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, na damu ya siku mbili hadi saba ni ya kawaida. Kwa hiyo anayesema “siku ya 14 kwa kila mwanamke” amekosea, hata kama alifundishwa shuleni.

Tena mama yuleyule anaweza kubadilika. Chukua mama wa siku 28. Mwezi huu ameugua malaria, chakula kimepungua, usingizi hakuna. Yai halikutoka siku ya 14, limetoka siku ya 24. Damu yake itakuja siku ya 38 hivi. Watu watasema amechelewa siku kumi. Lakini aliyechelewa sio damu. Yai ndilo lililochelewa, damu imelifuata tu. Na kama yeye na mumewe walijisemea kwamba tangu siku ya 20 hakuna hatari, hapo ndipo mimba ilipoingia.

KWA NINI HUKU UKIMBIZINI MPIRA UNAVUTIKA ZAIDI

Tulisema kichwa kinasikiliza njaa na hofu. Mafuta yaliyo mwilini yanatoa homoni yake inaitwa leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994. Ikiwa kidogo, kichwa kinaelewa kwamba ghala la mwili ni tupu. Kinapunguza ule ujumbe wa kila saa. FSH na LH zinapungua, yai linachelewa au halitoki kabisa, na mwezi unapotea. Ni kama mama mwenye akili: akiona unga uliobaki ni kikombe kimoja, haalikwi mgeni.

Jambo hili sio la kwetu peke yetu. Katika vita kuu ya pili, majira ya baridi ya 1944 kwenda 1945, jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kwenda miji ya magharibi ya Uholanzi. Mgao ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, karibu nusu ya kile mtu mzima anachohitaji au pungufu yake. Wanawake wengi sana waliacha kuona mwezi, na watoto waliozaliwa miezi tisa baada ya njaa hiyo walipungua sana. Chakula kiliporudi Mei 1945, mwezi ulirudi na watoto wakarudi. Hawakuwa wamerogwa. Mwili ulikuwa umefunga mlango kwa muda.

Kwa hiyo dada uliyekimbia kutoka Fizi au Uvira au Rumonge, ukatembea siku nyingi, ukapoteza watu, halafu mwezi ukapotea miezi miwili mitatu, usijione umeharibika. Nenda ukapimwe, uhakikishe sio mimba wala ugonjwa, lakini ujue pia kwamba mwili wa mtu aliyepita kwenye moto unaweza kunyamaza kwanza. Chakula, usingizi na utulivu vikirudi, mara nyingi nao unarudi. Mwanamke kama huyo akiitwa tasa na mume akaoa mwingine, ameonewa.

Kuna sababu zingine za mwezi kupotea, na kila nyumba inatakiwa kuzijua.

Kunyonyesha. Mtoto anaponyonya, kichwa cha mama kinazuia ule ujumbe wa kwenda kwenye ovari. Ni kinga nzuri, lakini ina masharti matatu, yote pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya maziwa ya mama tu mchana na usiku bila uji wala maji, na mwezi wa mama haujarudi. Masharti yote yakiwepo, katika wamama 100 ni kama 2 tu watakaoshika mimba. Sharti moja likivunjika, kinga imevunjika.

Sindano ya miezi mitatu. Sindano hii ni homoni inayofanana na projesteroni. Kichwa kinaiona kwenye damu, hakitumi amri, yai halitoki, na utando wa mji wa mimba unabaki mwembamba. Ndiyo maana wamama wengi hawaoni damu. Tunasikia wengine wakisema eti damu inajikusanya tumboni na kuwa uvimbe. Hapana. Hakuna damu iliyofungiwa, kwa sababu kitanda hakikutandikwa, basi hakuna cha kukunja. Mama akiacha sindano, uzazi unachelewa kurudi. Wengi inachukua kama miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho, wengine zaidi. Huo sio utasa, ni dawa inayoisha polepole. Anayetaka mtoto karibuni amwambie muuguzi mapema, achague njia nyingine.

Umri. Binti aliyevunja ungo juzi, kichwa chake na ovari zake bado vinajifunza kuongea. Miaka miwili mitatu ya mwanzo mayai mengi hayatoki, na mwezi unaweza kuruka kati ya siku 21 na siku 45. Upande wa pili, mama aliyepita miaka 40 ghala lake linakaribia kwisha, siku zinakaribiana au zinaachana. Wengi mwezi unakoma karibu na miaka 50. Lakini mpaka mwaka mzima upite bila damu, asijihesabu amekoma, maana yai moja linaweza kubaki njiani.

TURUDI KWENYE ZILE HUKUMU TATU

Baba wa kwanza, wewe wa wiki nane. Kadi ya kliniki haihesabu tangu siku mlipolala pamoja. Hakuna muuguzi anayeijua siku hiyo. Inahesabu tangu siku ya kwanza ya mwezi wa mwisho, kwa sababu ndiyo siku mama anayoweza kuikumbuka. Wiki mbili za mwanzo kwenye kadi mimba haipo bado, yai linaandaliwa tu. Kwa hiyo mimba ya wiki kumi kwenye kadi, mwilini ina wiki nane. Ndiyo zile zile wiki nane zako, baba. Na kama mwezi ule yai lilichelewa, tofauti inaweza kuwa wiki tatu au nne.

Hata mashine ya picha inayoangalia mtoto tumboni inaongeza zile wiki mbili, ili majibu yafanane na kadi. Ikipimwa miezi mitatu ya mwanzo inaweza kukosea siku kadhaa. Ikipimwa mimba imekuwa kubwa, inaweza kukosea wiki mbili au tatu. Kadi na mashine vimewekwa kumsaidia mkunga kulinda mama na mtoto. Havikuwekwa kuwa mashahidi kwenye baraza la ukoo. Tunawaomba wazee wa usuluhishi mlijue hili kabla ya kumfukuza mwanamke na watoto wake.

Shangazi na mama wa yule binti. Wiki sita kwa msichana wa miaka 14 peke yake sio ushahidi wa kitu chochote. Mkalisheni mahali pa siri, muulizeni kwa upole: mwezi wa mwisho ulikuwa lini, unakula nini, unalala vipi, kuna mtu anayekusumbua? Kipimo cha mimba kipo kliniki na jibu linapatikana siku hiyo hiyo. Fimbo haipimi mimba. Inachofanya ni kumfundisha mtoto asiwaambie kitu tena.

Na kama atakwambia amelazimishwa, huko kuni zinakotafutwa au ndani ya nyumba yenyewe, basi usimwoshe kwanza wala usikae kikao. Mpeleke kliniki mara moja. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Kuna pia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya siku tano. Vinafanya kazi kwa kuchelewesha yai lisitoke, kwa hiyo kila saa ina maana. Kama mimba ilikwisha kuingia, vidonge hivyo haviitoi. Kosa si la mtoto. Hata zikipita siku nyingi, mpeleke tu, matibabu na msaada mwingine bado upo.

Mama wa mtoto wa miezi minane. Mtoto wako ameshapita miezi sita na anakula uji. Kinga ya kunyonyesha imekwisha siku nyingi. Na hapa kuna neno la kushika: yai linatangulia, damu inafuata. Yai la kwanza baada ya kuzaa linaweza kutoka kabla hujaona damu yoyote. Anayengoja aone mwezi ndipo atafute njia ya uzazi wa mpango, anaweza kuwa amechelewa.

WANAOTAKA KUPANGA KWA KUHESABU

Wako wazazi wanaopenda kuhesabu kuliko kutumia dawa. Hatuwakatazi, lakini wahesabu vizuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walitengeneza njia ya shanga, na imetumika hata Rwanda na Kongo. Shanga ziko 32. Ya kwanza ni nyekundu, ndiyo siku damu inaanza. Kila siku unasogeza kipete kwenye shanga inayofuata. Za kahawia ni siku ambazo si rahisi kushika mimba, nyeupe ni siku za hatari, yaani kuanzia siku ya 8 mpaka ya 19. Siku hizo mume na mke wanajizuia au wanatumia kondomu.

Njia hii ni ya mama ambaye mwezi wake hauwi chini ya siku 26 wala hauzidi 32. Katika wanawake 100 wanaoifuata bila kukosea, chini ya 5 wanashika mimba kwa mwaka. Kwa jinsi watu wanavyoifuata kweli, na kusahau kwao, ni kama 12. Mwezi ukitoka nje ya hesabu hiyo mara mbili ndani ya mwaka mmoja, njia hiyo sio yako, tafuta nyingine. Haimfai binti mdogo, wala aliyetoka kuacha sindano, wala anayenyonyesha ambaye mwezi haujatulia, wala ambaye njaa na safari vimemvuruga siku. Hebu tazameni, wengi wetu hapa tumo kwenye orodha hiyo.

Dalili nyingine ni ute. Yai likikaribia kutoka, estrojeni inafanya ute wa ukeni uwe mwepesi, wa kuteleza, unaovutika kati ya vidole kama ute wa yai la kuku. Hizo ni siku za kushika mimba. Baadaye unakuwa mzito au unakauka. Wanaotafuta mtoto, siku za ute huo na mbili tatu kabla ya yai ndizo zao, wasingoje zipite. Ukitoka na harufu mbaya au kuwasha, huo ni ugonjwa, nenda ukatibiwe. Na kuhesabu siku, kwa njia yoyote, hakuzuii virusi vya UKIMWI.

USINGOJE, NENDA ZAHANATI

Mwezi kuchelewa mara moja ni jambo la kuangalia. Lakini haya ni ya kwenda:

- Mwezi umechelewa, kuna maumivu makali upande mmoja wa tumbo chini, kizunguzungu au kuzimia. Inaweza kuwa mimba nje ya mji wa mimba. Nenda saa hiyo hiyo, hata usiku.
- Damu inalowesha kitambaa kizima kila saa, saa mbili mfululizo au zaidi.
- Damu inazidi siku saba au nane, au inakuja kati ya mwezi na mwezi.
- Miezi mitatu bila mwezi, na sio mimba, kunyonyesha wala sindano.
- Binti amefika miaka 15 na hajavunja ungo.
- Mama alikuwa amekoma mwaka mzima, damu ikarudi.

KAZI YA NYUMBANI

Tunawaachia kazi ndogo isiyo na gharama. Kila mwanamke na kila binti aliyevunja ungo awe na daftari, au kalenda, au alama za mkaa nyuma ya mlango. Siku damu inapoanza, aweke alama. Baada ya miezi sita atajua mwezi wake una siku ngapi, mfupi wake ni upi na mrefu ni upi. Akienda kliniki anajibu bila kubahatisha. Mume akitoka safari, alama zipo.

Wababa, mkiona mke anaweka alama, msimcheke wala msimshuku. Muulizeni anahesabuje. Mwanamume anayejua hesabu ya mke wake hadanganyiki na maneno ya kisimani, na haanzi vita kwa wiki mbili za kwenye kadi. Wamama, fundisheni mabinti kabla damu ya kwanza haijawashtua, na wavulana pia waambieni, maana kesho ndio waume.

Mwenye swali alikunje kikaratasi akitie kwenye sanduku letu, jina sio lazima. Ukimaliza kusoma, mpe jirani gazeti hili, na kama hajui kusoma, msomee mpaka mwisho, hasa pale pa kadi ya kliniki. Tuonane toleo lijalo.